Mawe ya Mpaka

Mimi ndiye niliyekipima kiwanja hiki.
Andikeni hivyo, msimtupie fundi lawama.
Miaka thelathini na mmoja nilibeba darubini ya miguu mitatu
kutoka Njoro hadi Gilgil, nikiiambia ardhi iishie wapi,
nayo ikatii; angalau kwenye karatasi.

Nilipostaafu nilijichagulia Mwariki, upande wa chini,
ambako ploti zilikuwa nafuu
na ziwa lilikuwa mstari mwembamba wa waridi,
mbali, kama utepe kwenye nguo ya mtu mwingine.
Nilihesabu: kilomita mbili na robo.
Nikapigia mstari chini yake, mara mbili.

Mke wangu Rispa alitaka tuuombee msingi.
Nikamwambia msingi unataka kokoto, saruji na nondo,
nikamtajia vipimo kama shemasi anayesoma somo la kwanza.
Hata hivyo alitoka usiku na tochi,
akasimama katikati ya mtaro, midomo ikimcheza.
Mimi dirishani nilicheka hadi chai ikanipalia.

Wapumbavu wengine husemea moyoni.
Mimi nilisema sebuleni, kwa sauti, mbele ya wageni,
huku nikimenya chungwa:
hakuna aliye juu ya hesabu.

Ziwa halikubisha hodi.
Mwaka wa kwanza lilikula uzio wa mbuga.
Nikasema, ni mvua za Mau, litarudi.
Mwaka wa pili likala sukumawiki za Tabitha Nanjala.
Nikasema, Tabitha hakupima.
Nikaitandaza ramani mezani,
nikaiwekea kikombe kila pembe isijikunje,
nikalionyesha ziwa kwa kidole mahali linapostahili kukaa.

Ziwa halijui kusoma.

Usiku wa Jumanne vyura waliimba chooni.
Maji hayakupitia mlangoni.
Yalipanda kutoka chini, katikati ya vigae,
kama neno lililojulikana zamani likanyamaziwa.
Rispa hakusema, "Nilikuambia."
Laiti angesema, ningepata la kujibu.
Alisema tu, "Shika upande ule wa godoro."

Tukapokewa kanisani, ndani ya stoo,
baina ya viti vya plastiki, sufuria za harusi
na ngoma iliyopasuka ngozi.
Mchungaji Ondimu, ambaye niliwahi kumuuliza hadharani
Mungu wake alisomea wapi upimaji,
alinipa ufunguo na ndoo.
Mahubiri hakunipa. Nilikuwa nimejiandaa kuyapinga.

Na hili ndilo linalonichekesha nikiwa peke yangu:
ziwa zima limo sebuleni mwangu
nami sina cha kunywa. Lina magadi, linachoma ulimi.
Kwa hiyo naikinga ndoo chini ya bati la kanisa,
mzee mwenye cheti cha serikali,
nikingoja kitu nisichoweza kukiagiza.

Jiwe la mpaka nililolizika kwa mikono yangu
bado limechomoza ncha kidogo majini.
Korongo hulisimamia asubuhi, kwa mguu mmoja,
bila hati miliki.

Kuomba bado sijui.
Rispa huanza, nami hufuata nyuma
kama yule kijana Wafubwa aliyenishikia mnyororo wa kupimia,
niliyekuwa nikimfokea toka bondeni, "Vuta! Kaza!
Usiulize tunakwenda wapi!"
Hakuuliza. Sijui siku hizi yuko wapi, nimwombe radhi.

Zipo siku nasadiki.
Zipo siku naona ni mvua za Mau tu,
mawingu na mteremko, basi.
Siku hizo humwambia hivyo Yeye mwenyewe,
tena kwa hasira, nikigonga ndoo kwa kiatu,
kisha nashtuka: kumbe nimekwisha kumwita.

Alfajiri hii imenyesha.
Ndoo imepata kitu.
Sijaipima.